Doa Jeupe Juu ya Koo

Wewe unajijua. Jumatatu ulipita mbele ya kibanda changu umevaa viatu nilivyokubadilishia soli mwezi wa tatu, ukaona nimeinua kichwa, ukaanza kutafuta kitu mfukoni. Mfukoni hamkuwa na kitu. Jumanne ukapita upande wa pili, ule wa mtaro uliofurika, ambao hata mbwa wanaukwepa. Sikukuita. Niliendelea kugonga misumari, lakini nilikuhesabu. Mko arobaini na watatu, na mpaka naandika haya thelathini na sita mmeshapita hapa mkitazama kando kama watu waliowakuta wakwe zao wanaoga.

Usidhani kofia ilikuficha. Mimi sura za watu sizihitaji. Namjua anayekula kisigino cha kulia, namjua anayeburuta vidole, namjua yule bwana mnene anayekanyaga kwa ncha kama anaiba. Kibanda changu kiko pale njia ya mlimani inapoachana na barabara kubwa, na hakuna anayepanda mlima ule bila viatu vyake kupita mikononi mwangu, akienda au akirudi.

Nitaeleza yote tangu mwanzo, pamoja na yale unayoyajua, usije ukasema mzee yule alizungumza kwa mafumbo. Shule niliachia darasa la sita. Sheria ninazozijua nilizisoma kwenye magazeti ya kujazia viatu visipoteze umbo, ndiyo maana nyingine nazijua nusu, mpaka pale karatasi ilipochanika. Lakini nikishasoma sisahau. Nakumbuka choo cha kituo cha chini kilivyofungwa kwa muda. Huo muda una miaka tisa sasa. Nakumbuka mnyororo wa kushikilia ulivyong'olewa kule juu eti ukapakwe dawa ya kutu, ukaenda huko moja kwa moja. Pale ofisi ya mlima wananiita Faili. Wanadhani wananitukana.

Mlima wetu si mlima wa kamba. Hakuna anayening'inia, hakuna vyuma vya kugongomelea kwenye mwamba. Ni mlima wa mikono. Saa mbili za kwanza unatembea kama unakwenda kumsalimia jirani, kisha njia inasimama wima, nawe unainama, na kuanzia hapo mpaka kileleni unakwenda kwa miguu na mikono: unashika, unapima kama panacheza, unakanyaga, unajivuta. Karani anaweza. Mama wa watoto wanne anaweza. Kupanda ni rahisi kwa sababu pa kushika panakutazama usoni. Shida iko kwenye kushuka. Ukishuka, pa kukanyaga pako chini ya tumbo lako na hupaoni, na njia uliyoijua asubuhi inakuwa mlima mwingine kabisa.

Niliongoza watu mlimani miaka kumi na tisa, mpaka goti la kushoto liliponigomea. Wakati wetu tulikuwa na utaratibu ambao haukuandikwa popote. Tuliuita kuweka jicho. Ziko sehemu saba ambapo njia ya kushuka inadanganya. Kila mkifika moja, mwongozaji anasimamisha kundi, kila mtu anageuka, mgongo kwenye mwamba, anatazama chini alikotoka, na anataja kwa sauti kitu atakachokitafuta akirudi. Kitu chake mwenyewe, si cha mwongozaji. Mmoja anasema mti mkavu wenye mkono mmoja. Mwingine anasema ufa ulioinama kama mtu anayefunga kiatu. Kulikuwa na fundi cherehani mmoja aliyesema lile jiwe pale linafanana na shemeji yake akinuna. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini, na wakati wa kushuka kundi zima lilikuwa linamtafuta shemeji. Inakula saa nzima, sikatai. Lakini katika miaka kumi na tisa niliwarudisha watu wawili na vifundo vilivyoteguka, na jino moja lililovunjika lilikuwa langu. Sikumwacha mtu juu.

Miaka minne iliyopita, mwezi wa pili, wakatuletea meneja mpya. Jina lake halina kazi hapa, kila mtu anamwita Saa Sita, kwa sababu amri yake ya kwanza ilikuwa kwamba kundi la mwisho liwe kileleni saa sita mchana, liwe zuri liwe bovu. Aliwaita waongozaji wote akawaambia kuweka jicho sasa basi. Nilikuwa nimesimama dirishani, sikualikwa, na maneno yake ninayo: hii ni burudani, siyo darasa, watu wamekuja kupiga picha si kufanya mtihani. Badala yake angepaka madoa meupe kwenye mwamba, chini mpaka juu, na mtu angefuata madoa. Mwongozaji mmoja akauliza wakati wa ukungu itakuwaje. Saa Sita akasema nyeupe inaonekana kwenye ukungu. Kwa hiyo ndivyo alivyoujua ukungu.

Akatafutwa mpaka rangi wa kuyapaka. Mtu mpole, fundi hodari wa kuta. Nusu ya nyumba za mtaa huu ni mkono wake. Juu kuliko yote aliyowahi kufika ni ngazi ya mwisho ya ngazi yake. Alipanda siku tatu na ndoo na brashi, amejifunga kitambaa kichwani, anaogopa kugeuka nyuma hata kidogo, na hapo ndipo tulipoumizwa. Kwa vile hakugeuka, kila doa alilipaka ubavu uliomtazama yeye akipanda. Ukipanda unayaona yote, yamepangwa kama vifungo vya shati. Ukishuka huoni hata moja.

Au niseme, huoni ila moja.

Sasa nikwambie habari za mpwa wangu, binti wa dada yangu. Tunamwita Kwato, kwa jinsi miguu yake inavyoshika mwamba. Nilimfundisha mimi, na alipopata kibali cha kuongoza nilimshonea viatu kwa mkono wangu. Amri ya Saa Sita ilipotoka, yeye aliendelea kuweka jicho kwa siri, haraka haraka, watu watatu watatu. Akaandikiwa barua ya onyo. Akaendelea. Akaandikiwa ya pili, na hiyo ilisema ya tatu itakuja na mtu wa kuchukua kibali. Jumamosi ile, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alipanda na watu bila kuweka jicho hata sehemu moja.

Kati ya watu wake kumi na mmoja alikuwemo Mwalimu. Wengi mtaani mlipita mikononi mwake. Miaka thelathini na moja alifundisha jiografia, alichora mlima ubaoni mara elfu, kwa chaki ya kahawia chini na nyeupe juu, na hakuwahi kupanda hata kichuguu. Alistaafu mwezi uliotangulia. Akaniletea viatu vipya, vigumu kama sanduku, akaniuliza kama mtu wa umri wake si kichekesho kule juu. Nikamwambia kule juu kila mtu ni kichekesho, mwamba haubagui. Alicheka, akavaa viatu vile nyumbani wiki nzima, mkewe akilalamika kwamba anasikika kama farasi jikoni.

Alifika kileleni. Watu wote waliokuwepo wanakubaliana kwa hilo. Aliweka kiganja kwenye jiwe la juu kabisa, akakaa nalo muda mrefu kuliko wanaopiga picha.

Siku ile mlikuwa makundi matatu, watu arobaini na wanne pamoja naye. Kundi la kwanza lilishuka mapema, jua likiwa wazi. La Kwato lilifuata, na la tatu likawa nyuma yake. Saa saba kasoro ukungu ukaingia. Kwenye sehemu ya tano, mama mmoja wa kundi la Kwato akaganda. Ndiyo, anaganda mtu: mikono imeshika, miguu haisikii amri, machozi yanatoka bila sauti. Kwato akawaambia wengine wakae chini wasiondoke, akashuka chini ya yule mama, akawa anamwekea miguu mmoja mmoja kwa mikono yake. Ni kazi ya dakika ishirini. Wakati huohuo kundi la tatu likafika kwa juu, nao wameharakishwa, wakaanza kusema mbona mmekaa njiani, sogeeni, tutachelewa. Huenda wewe ulikuwepo hapo. Mwalimu alikuwa mtu wa adabu. Alisimama kuwapisha. Akatafuta doa, akaliona, jeupe, kubwa kama sahani, hatua sita tu upande wa kushoto. Akalifuata.

Chini ya doa lile kuna korongo tunaloliita Koo, kwa sababu linaanza pana, laini, linavutia, halafu linameza.

Walimtoa kesho yake asubuhi.

Barua ya ofisi ilikuja siku ya nne. Naikumbuka yote: mwongozaji kwa uzembe alimwacha mgeni peke yake, naye mgeni akatoka nje ya njia iliyowekewa alama. Basi, kosa la Kwato na la marehemu. Alama hazina kosa. Kikao cha nidhamu kingekaa, watu watatu kutoka makao makuu, na kibali kingeondoka maisha.

Kwato akaniambia doa lilikuwepo. Lilikuwa pale tangu rangi ipakwe. Waongozaji wote walilijua, na kwa kuwa walijua si kitu, waliliona kama unavyoona waya unaoning'inia kwa jirani. Alikuwa hakai kitini. Alinisimulia huku anatoka kibandani anaingia, anashika kiatu cha mtu, anakirudisha, anauliza hiki cha nani, hangoji jibu. Nikaona hapa kusema hakutoshi, lazima tukalione. Jumatano, siku ya kumi na moja, nililifunga goti kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, tukapanda.

Miaka saba nilikuwa sijaushika mwamba ule. Mikono ilikumbuka kabla yangu. Ule ufa wa vidole vitatu, lile bega la jiwe unalolikumbatia, ile hatua ya kuamini ambapo unaacha mguu mmoja hewani hesabu moja kamili. Madoa ya mpaka rangi yalikuwa yananikenulia njia nzima. Kila nikifika sehemu ya kuweka jicho niligeuka, nikatazama chini: mwamba mtupu, kijivu, haujawahi kuona brashi. Nikigeuka juu, vifungo vya shati. Nilihisi kizunguzungu, na si cha urefu.

Karibu na sehemu ya tano nilikuwa nahema kama mvukuto, goti limevimba kama boga.

"Mjomba, ukitaka turudi sema," Kwato akanishushia sauti. "Sitamwambia mtu."

"Mama yako atajua kwa kuniangalia tu."

"Basi panda. Kukubeba sikubebi."

Tukafika. Akaenda zile hatua sita, akachuchumaa juu ya Koo. Nikamfuata kwa makalio, sina aibu. Doa halikuwepo. Mahali pake palikuwa na duara la mwamba uliokwaruzwa, safi, umekuwa mweupe kwa namna nyingine, kama ngozi chini ya bandeji. Kwenye ufa wa pembeni nikaokota nyuzi mbili za brashi ya waya, bado zinang'aa, hazijapata hata mvua moja. Zipo hapa kwenye mkebe wa misumari. Lakini najua zinathibitisha nini mbele ya watu watatu kutoka makao makuu: kwamba mzee anaokota waya.

Hapo ndipo nilipomwambia mpwa wangu jambo nililokuwa nimelibeba tangu Jumamosi ile. Siku ya kwanza ya kazi, mpaka rangi alikuja kwangu kabla ya kupanda. Alitua ndoo yake, akanisalimia vizuri, akaniuliza: fundi, wewe mlima unaujua, haya madoa niyaweke wapi? Nami nilikuwa na kinyongo cha kusimamishwa dirishani. Nikamjibu akawaulize waliomtuma. Nikaendelea kugonga. Akasimama kidogo, anangoja hasira inishuke, mtu mpole yule, kisha akachukua ndoo yake. Dakika tano zingetosha kumwambia paka pande mbili. Dakika tano, na mimi nilizitumia kugonga msumari ambao ulikuwa umeshaingia.

Kwato alinisikiliza akitazama chini ya Koo.

"Na hilo nalo utalisema kwenye kikao?"

"Nitalisema."

"Basi usilie hapa, mjomba. Hapa panateleza."

Tulishuka. Alikwenda mbele yangu akiniwekea mguu mmoja mmoja kwa mikono yake, kama alivyomfanyia yule mama.

Kesho yake nilimfuata mpaka rangi. Nilimkuta ukumbini kwa watu, juu ya ngazi, anapaka dari. Sikuanza vizuri; nilimtukana nikiwa mlangoni, mwenye nyumba akatoka na taulo. Nikarudi jioni kuomba radhi. Ndipo akaniambia, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, haniangalii. Siku ya tatu rangi ilimwishia karibu na juu. Alikuwa amechoka, upepo unampiga, akapangusa brashi juu ya jiwe lililokuwa karibu, akaisugua mpaka ikatoka rangi yote, kama anavyopangusa siku zote kwenye ubao. Mkono wa fundi haujui kurudisha brashi na rangi. Hakujua chini ya jiwe lile kuna nini, kwa sababu hakuthubutu kuchungulia. Aliposikia habari za Mwalimu alikwenda mwenyewe ofisini kumwambia Saa Sita. Saa Sita alimshukuru, akamwambia akapumzike, kuna madarasa ya shule yanahitaji rangi. Kesho yake mtu akapanda na brashi ya waya.

Nikamwomba aje kikaoni aseme hayo hayo, maneno yale yale. Akaniuliza atakula wapi. Sasa alikuwa ananitazama, anangoja jibu kwa haki kabisa.

Jumapili Saa Sita alimtumia Kwato karatasi. Ilikuwa na mistari minne. Akubali uzembe, asaini, asamehewe. Baada ya mwaka mmoja kibali kitarudi. Akikataa, kikao kiendelee Alhamisi saa tatu.

Niliikuta juu ya meza sebuleni kwa dada yangu, imewekewa kalamu juu yake ili isipeperuke. Dada alikuwa amekaa wima kwenye kiti cha wageni. Kwato alikuwa anatembea mlangoni mpaka dirishani, dirishani mpaka mlangoni. Mama yake akasema ametembea hivyo wiki mbili, vyombo vinaoshwa vikiwa safi, mapazia yamefuliwa mara tatu, usingizi hamna, na akiendelea atatoboa sakafu. Nikaanza kusema. Nilisema kuhusu choo, mnyororo, barua zile mbili. Dada akaninyamazisha kwa kiganja.

"Kaka, hasira zako ni za zamani, nazijua kabla hujaota ndevu. Mwanangu usimfanye bango."

Hilo liliniingia. Liko humu bado. Nikakaa.

Kwato akasimama, kwa mara ya kwanza nafikiri tangu asubuhi.

"Mimi sikuwawekea jicho," akasema. "Niliogopa barua, nikaacha. Hilo ni langu, nitalibeba mpaka nife. Lakini doa si langu. Nikisaini hapa, nimebeba na la kwao, na doa litarudi, mjomba. Litarudi mahali pengine, kwa mpaka rangi mwingine."

"Basi usisaini," nikasema.

"Na nisiposaini, nani atanifundisha kazi nyingine? Unipe nyundo?"

Hatukucheka. Dada akauliza kama kuna mtu hata mmoja mwenye kitu cha kuonyesha, si cha kusimulia. Akili yangu ikagonga ukuta, kisha ikakumbuka.

Jumamosi ile ile, saa tisa alasiri, kabla habari hazijashuka mlimani, dada wa duka la dawa aliniletea kiatu kilichofunguka mdomo. Alikuwa kundi la kwanza. Uso umewaka kwa jua, furaha tele, akanionyesha picha kwenye simu moja moja huku nikipaka gundi. Moja alikuwa amekaa juu ya mwamba, mikono ameitanua kama anataka kuruka, na chini yake, pembeni ya paja, kulikuwa na kitu cheupe kikubwa. Nilimtania kwamba ndege wa kule lazima wanakula vizuri. Alicheka. Nami nikacheka, mimi Faili, na macho yangu haya.

Nilikwenda dukani kwake Jumatatu asubuhi. Alikuwa anahesabu vidonge kwa kisu kidogo, viwili viwili. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya nini. Kisu kikasimama.

"Zile picha nilizifuta, fundi. Simu ilijaa."

"Zote?"

"Si unajua simu hizi."

"Sijui simu. Najua viatu. Jana ulipita kwa mtaro."

Akaanza kuhesabu upya tangu mwanzo. Alisema ana watoto, na ofisi ya mlima ndiyo inayonunua kwake mabegi yote ya huduma ya kwanza. Alisema Mwalimu alikuwa mwalimu wake pia, alimlilia, na sauti ilimkatika pale, sikuidharau. Kisha akasema neno ambalo nimelisikia kwa kila mmoja wenu tangu siku hiyo, kwa maneno tofauti: tulikuwa wengi, kwa nini iwe mimi?

Niliwauliza wengine. Bwana wa ncha za miguu alisema hakumbuki kama siku ile alikuwa na simu. Wale ndugu wawili wenye buti za rangi moja walisema kila mmoja kwamba mwenzake ndiye aliyepiga. Msichana wa mapokezi wa ofisi ya mlima aliniambia nisimuulize akiwa kazini, nikamngoja atoke, akatokea mlango wa nyuma. Watu wawili mlilia. Hakuna aliyesema doa halikuwepo. Ajabu ni hiyo. Wote arobaini na watatu mlipita pale. Ni mahali penye mandhari nzuri kuliko yote, watu hukaa hapo kupiga picha, na rangi nyeupe kwenye mwamba wa kijivu haijifichi. Doa lile limekaa nyuma ya mabega yenu katika simu kumi, labda ishirini. Lilisuguliwa mlimani. Mifukoni mwenu hawajalisugua.

Jana jioni nilikwenda kwa dada yangu na mikono mitupu. Kalamu ilikuwa bado juu ya karatasi. Kwato akanisikiliza mpaka mwisho, amesimama dirishani, kidole kinachora kwenye kioo.

"Nitangoja mpaka saa tatu ya Alhamisi," akasema. "Wakikaa mezani na hakuna picha, natia sahihi pale pale. Usinilaumu. Nimechoka kutembea."

Alhamisi ni kesho.

Kwa hiyo usiniambie utalifikiria. Umelifikiria siku kumi na nane. Weka karatasi hii chini, toa simu, fungua picha, rudi nyuma mpaka Jumamosi ile. Usitazame uso wako. Tazama chini yako, pembeni, nyuma ya bega. Ukiliona, simama. Kama unaogopa kuonekana, kata uso, acha mwamba. Sihitaji jina lako na sitalitaja. Kama unaogopa kuja ofisini, njoo kibandani, nafungua saa kumi na mbili asubuhi, weka kiatu juu ya meza kama mteja, nami nitajua. Kama huogopi, ni ofisi ya mlima, chumba cha mwisho, mlango wa buluu, na mimi nitakuwa nimesimama hapo kuanzia saa mbili na nusu, goti lililofungwa, nikisubiri kusema la kwangu la mpaka rangi mbele ya watu wote. Tangulia au nifuate, lakini uwepo.

Saa tatu kamili mlango unafungwa na Kwato anashika kalamu. Toa simu sasa.